Siku ya Tatu ni Siku Gani? Historia ya Majina ya Siku na Saa katika Kiswahili cha Maniema

1. Utangulizi

Mfanyabiashara wa Kigoma anapomwandikia mwenzake wa Kindu kwamba mzigo utaondoka Jumatatu, hutumia neno ambalo kwake halina utata wowote. Mwenzake wa Kindu anapomjibu kwamba malipo yatatumwa siku hiyohiyo ya tatu, anaamini kuwa amelirudia neno lilelile. Kumbe sivyo. Jumatatu ya Kigoma ndiyo siku inayofuata Jumapili, ilhali siku ya tatu ya Kindu ni ile ambayo Kigoma huitwa Jumatano. Kati ya barua hizo mbili zimepotea siku mbili nzima, na kila mwandishi ameandika Kiswahili, na kila mmoja amesema kweli kwa mujibu wa hesabu ya kwao.

Wasemaji wengi wa Kiswahili sanifu hulieleza jambo hili kwa neno moja tu: kosa. Kiswahili cha Kongo mashariki, ambacho kwa muda mrefu kimeitwa Kingwana, hudhaniwa kuwa lugha iliyotoka pwani ikiwa kamili, kisha ikapukutika viungo vyake kadiri ilivyosafiri kwenda bara. Hata baadhi ya walimu wa Maniema wenyewe wameikubali rai hiyo, na mwanafunzi aandikaye "siku ya tatu" akikusudia Jumatano husahihishwa kwa kalamu nyekundu bila ya maelezo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina ya siku ya Maniema yana kanuni, na kwamba kanuni hiyo ndiyo ileile iliyozaa majina ya pwani. Ili kulithibitisha hilo, itabidi kuchunguza matabaka matatu ya msamiati wa wakati katika jimbo hili: tabaka la jua na usiku, tabaka la msafara na sala, na tabaka la kazi na posho. Pale inapofaa, misemo ya Kiswahili italinganishwa na ya Kiingereza, ya Kifaransa na ya lugha nyinginezo, kwa kuwa hakuna lugha iliyoupanga wakati wake kwa siku moja wala kwa mkono wa mtu mmoja.

2. Jua na usiku

Tabaka la kale kabisa ni la Kibantu. Maneno mwezi na mwaka hayakuazimwa popote. Neno mwezi hutaja mwanga wa mbinguni na kipindi kinachopimwa kwa mwanga huo, na mtu asiyejua kusoma kalenda huweza kuufuata mwezi kwa macho yake. Maneno siku na usiku nayo yametokana na shina moja. Lugha nyingi za Kibantu zina shina hilo kwa maana ya usiku. Hii ina maana kwamba wahenga walipotaka kuhesabu muda wa safari au wa ugonjwa, walihesabu mara walizolala.

Desturi hiyo haikuwa ya Waafrika peke yao. Waingereza mpaka leo huita muda wa majuma mawili fortnight, neno lililofupishwa kutokana na maneno ya kale yenye maana ya usiku kumi na nne. Wafaransa, na Wakongo waliosoma kwa Kifaransa, husema quinze jours, yaani siku kumi na tano, kwa muda uleule, kwa sababu huhesabu siku ya kuanza na siku ya kumaliza pamoja. Kipindi ni kimoja. Anayehesabu nyusiku hupata kumi na nne, na anayehesabu mchana hupata kumi na tano. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Mfaransa amekosea hesabu.

Katika tabaka hili yamo pia maneno kucha na kutwa. Kucha ni kupambazuka. Kutwa, ambalo katika lahaja nyingine hutamkwa kuchwa, ni kuzama kwa jua. Kwa hiyo anayesema "usiku kucha" anataja usiku mpaka mapambazuko, na anayesema "mchana kutwa" anataja mchana mpaka machweo. Maneno macheo na machweo ni ya ukoo huohuo, na neno kesho lina uhusiano na kukesha, yaani kukaa macho hadi kunapokucha. Msemaji wa leo hasikii tena jua ndani ya maneno haya. Mgonjwa aambiwaye ameze kidonge "kutwa mara tatu" hafikirii machweo, kama vile Mwingereza asemaye o'clock asivyofikiria kwamba anasema "kwa mujibu wa saa ya ukutani", tofauti na saa ya jua.

Juma la siku saba halikuwa la lazima katika mpangilio huo. Mahali pengi barani Afrika siku zilipangwa kwa masoko. Mfano unaojulikana sana ni wa Wakongo wa magharibi, ambao juma lao la kale lilikuwa na siku nne, kila siku ikichukua jina la soko lake: Nkandu, Konzo, Nkenge na Nsona. Katika Maniema vilevile soko lilikuwa nguzo ya wakati kabla ya kalenda yoyote iliyoandikwa. Soko la Nyangwe, ukingoni mwa Mto Lualaba, liliwakusanya watu wa kambo zote mbili za mto, wengi wao wanawake. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone akiwa hapo, watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani waliufyatulia risasi umati wa sokoni, na mamia ya watu waliuawa kwa bunduki au walizama mtoni. Waliofika siku hiyo walikuwa wamefuata hesabu yao ya siku, na ilikuwa hesabu ya amani, maana soko lilikuwa mahali pa kukutania hata kwa wale waliokuwa na ugomvi.

3. Msafara na sala

Watu waliolileta tabaka la pili ndio haohao waliofika Nyangwe na Kasongo kutoka pwani. Tangu miaka ya 1860, misafara ya pembe na watumwa ilivuka Ziwa Tanganyika na kuingia Maniema. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake katikati ya miaka ya 1870, na mwaka 1876 aliondoka Nyangwe pamoja na Henry Morton Stanley kuufuata mto kwenda kaskazini. Katika kumbukumbu za wazee wa Kongo mashariki wavamizi wa zama hizo huitwa Watambatamba, na jina hilo hutajwa kwa uchungu. Hata hivyo wangwana, yaani watu huru wa misafara waliojihesabu kuwa waungwana, waliacha lugha yao, na ndani ya lugha hiyo waliacha mpangilio wa wakati ambao hata wajukuu wa waliovamiwa wanautumia.

Maneno ya mpangilio huo mengi yana asili ya Kiarabu: wakati, saa, dakika, zamani, muda, asubuhi. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha ni majina ya sala tano, na kwa Waislamu wa Kasongo na Kindu yangali majina ya sala. Kwa jirani zao Wakristo baadhi yake yamekuwa majina ya sehemu za siku tu. Mkristo anaweza kuondoka kwake alfajiri bila ya kukumbuka kwamba ametaja ibada ya mwenzake.

Hesabu ya saa yenyewe inahitaji maelezo. Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza na saa za usiku tangu linapozama. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga iliyokwisha kupita, na saa sita ni katikati ya mchana. Karibu na ikweta mpango huu hauna dosari. Kindu iko karibu na nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na urefu wa mchana wake kati ya msimu na msimu hautofautiani hata kwa nusu saa. Kule London, ambako jua la Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na la Desemba baada ya saa mbili asubuhi, mpango kama huo ungelazimisha urefu wa saa ubadilike kila siku.

Na kwa hakika ndivyo ilivyokuwa Ulaya zamani. Warumi waliugawa mchana kwa saa kumi na mbili kuanzia macheo, zikawa ndefu wakati wa kiangazi na fupi wakati wa baridi. Masalia ya hesabu hiyo yamo katika lugha za Ulaya hadi leo. Wahispania huita usingizi wa mchana siesta, neno lililotokana na Kilatini sexta, yaani saa ya sita; nayo ni saa sita ileile ya Waswahili. Neno la Kiingereza noon, ambalo siku hizi lina maana ya adhuhuri, limetokana na nona, saa ya tisa, ambayo zamani ilikuwa alasiri, kisha katika Zama za Kati ikasogezwa nyuma pamoja na sala iliyosaliwa saa hiyo. Tena Mwingereza husema kwamba jambo limefanyika saa ya kumi na moja anapotaka kusema kwamba limefanyika dakika za mwisho. Usemi huo umetoka katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, katika habari za wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Kwa Mwingereza ni fumbo, kwani saa yake ya kumi na moja ni mapema mno ikiwa ya mchana, au ni karibu na usiku wa manane ikiwa ya usiku. Kwa Mswahili si fumbo hata kidogo. Saa kumi na moja ni jioni, jua linaelekea kuzama, na mtu aajiriwaye saa hiyo amebakiwa na saa moja tu ya kazi. Msomaji wa Kiswahili huisoma habari hiyo kwa hesabu ya saa waliyoitumia watu wanaosimuliwa ndani yake.

Sasa yaangaliwe majina ya siku. Juma ni neno la Kiarabu lenye maana ya mkusanyiko. Limeitaja kwanza siku ya mkusanyiko wa sala, yaani Ijumaa, kisha kipindi kizima cha kutoka mkusanyiko mmoja hadi mwingine. Watu wa pwani walianza kuhesabu mara tu baada ya mkusanyiko huo: mosi, pili, tatu, nne, tano. Ndiyo maana Jumamosi ni ya kwanza na Jumatano ni ya tano. Baada ya hizo huja siku mbili zisizohesabiwa kwa Kibantu: Alhamisi na Ijumaa. Inafaa kuzingatia kwamba alhamisi nalo, kwa Kiarabu, ni neno la namba tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, ambayo kwao ni siku ya kwanza. Kwa hiyo juma la Kiswahili sanifu lina siku mbili za tano zinazofuatana, moja kwa hesabu ya Kibantu na nyingine kwa hesabu ya Kiarabu. Hesabu mbili zilikutana pwani, na hakuna iliyoifuta nyenzake.

Jambo hili ni muhimu kwa hoja ya makala haya. Juma la Kiswahili sanifu, ambalo hutumiwa kama kipimo cha kulihukumu juma la Kindu, lenyewe ni mchanganyiko. Umbo lake ni hili: siku tano za namba, kisha siku moja yenye jina maalumu, ambayo ni mkesha wa siku kuu, kisha siku kuu yenyewe.

4. Kazi, posho na yenga

Utawala wa wafanyabiashara wa pwani ulivunjwa katika vita vya miaka ya 1892 hadi 1894. Nyangwe na Kasongo zilitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II mwaka 1893. Watawala wapya hawakuileta lugha mpya ya mawasiliano huku mashariki. Waliendelea na Kiswahili walichokikuta. Walicholeta ni njia mpya ya kuhesabu siku za watu.

Sheria ya Novemba 1903 inaonyesha jambo hilo waziwazi. Sheria hiyo iliweka kodi ya kazi kwa Mkongo, na kiwango chake kilikuwa saa 40 kwa mwezi. Kodi ikapimwa kwa saa, katika nchi ambamo walipaji kodi hawakuwa na saa, na ambamo aliyekuwa na saa ndiye aliyesema kama kazi imetimia. Baada ya Ubelgiji kuitwaa nchi mwaka 1908, kilimo cha lazima kilihesabiwa kwa siku. Kufikia miaka ya 1930 kiwango chake kilikuwa siku 60 kwa mwaka, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kikapandishwa hadi siku 120.

Kindu yenyewe ilikua pamoja na reli. Mto Lualaba hupitika kwa meli kati ya Ubundu na Kindu, lakini kuanzia Kindu kwenda juu kuna maporomoko. Kampuni ya reli iliyoitwa kwa ufupi CFL ilijenga njia ya kutoka Kindu hadi Kongolo, nayo ikakamilika mwishoni mwa mwaka 1910. Mji ukawa mahali pa kushuka melini na kupanda treni, na kwa miaka mingi ulijulikana kwa jina la Port-Empain. Reli, bandari na ofisi zilifuata hesabu ya Kizungu ya saa, inayoanza usiku wa manane. Baadaye, katika miaka ya 1930, migodi ya bati ya Kalima nayo ilikusanya wafanyakazi kwa maelfu. Mahali pote hapo palikuwa na kambi, orodha ya majina, kengele, na juma la siku sita za kazi au tano na nusu.

Ndani ya kambi za namna hiyo ndimo majina mapya ya siku yalimoota mizizi. Siku inayofuata Jumapili iliitwa siku ya kazi moja, ya pili siku ya kazi mbili, na kuendelea hadi siku ya kazi tano. Kwa ufupi, watu husema siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, siku ya nne na siku ya tano. Jumamosi ni siku ya posho. Jumapili ni siku ya Mungu au siku ya yenga. Maneno haya hayafanani kabisa mji kwa mji, lakini mpango wake ni mmoja kutoka Kivu hadi Katanga.

Neno posho lina historia inayostahili kusimuliwa peke yake. Katika misafara ya karne ya 19, posho ilikuwa chakula cha mpagazi, au nguo na shanga alizopewa ili ajinunulie chakula njiani kwa siku kadhaa. Neno likatawanyika pamoja na wapagazi, na kila nchi ikalipa maisha yake. Nchini Uganda posho ni ugali wenyewe. Nchini Tanzania limekuwa fedha anayolipwa mtumishi au mbunge kwa kikao au safari. Katika kambi za kazi za Kongo lilibakia na maana ya mgawo wa chakula, uliotolewa kwa juma, na siku ya mgawo huo ikaitwa kwa jina lake. Kutoka hapo neno liliingia katika Kilingala, lugha ya mto na ya jeshi la kikoloni, ambayo haina sauti ya sh, likawa poso. Huko limepanda cheo: mokolo ya poso ni Jumamosi, na poso peke yake ni juma zima. Kilingala pia huhesabu siku tano za kwanza kwa neno mosala, yaani kazi: mosala moko, mosala mibale, na kuendelea. Na siku ya mapumziko Kilingala huiita eyenga, yaani sikukuu, neno ambalo lina undugu ulio wazi na yenga ya Kiswahili cha Kongo.

Mtu aliyeishi kwa mshahara anaelewa kwa nini siku ya mgawo ilipewa jina. Mwenye kulima shamba lake hana siku ya posho. Chakula chake huja kwa msimu. Aliyeondolewa shambani na kupelekwa kambini hupokea chakula kwa mkono wa mwajiri, kila juma, na familia yake huhesabu siku zinazobaki kabla ya unga kuisha.

5. Kanuni moja, siku kuu mbili

Yakilinganishwa sasa majuma hayo mawili, la pwani na la Kongo, mfanano wake unadhihirika. Pwani huhesabu siku tano, kisha hutaja mkesha kwa jina maalumu, yaani Alhamisi, kisha hutaja siku ya mkusanyiko, yaani Ijumaa. Kongo huhesabu siku tano, kisha hutaja mkesha kwa jina maalumu, yaani siku ya posho, kisha hutaja siku ya ibada, yaani siku ya Mungu. Umbo ni lilelile: tano, mkesha, siku kuu. Kanuni nayo ni ileile: hesabu huanza kesho yake baada ya siku kuu.

Kilichobadilika ni siku kuu yenyewe. Misheni na serikali ziliifanya Jumapili kuwa siku ya kupumzika, na Ijumaa ikawa siku ya kazi kama nyingine. Wasemaji wa Kiswahili walioingia katika mpango huo waliichukua kanuni ya kuhesabu na kuianzisha upya mahali papya. Ikumbukwe kwamba kutoka Ijumaa hadi Jumapili ni siku mbili. Hizo ndizo siku mbili zilizopotea kati ya barua ya Kigoma na barua ya Kindu. Kila namba ya Kongo inaangukia siku mbili baada ya namba hiyohiyo ya pwani, kwa sababu siku kuu ya Kongo iko siku mbili baada ya siku kuu ya pwani. Makosa ya kusahau hayapangiki kwa usawa wa namna hii. Tofauti iliyo sawasawa kwa siku zote tano ni alama ya kanuni.

Wala Kongo si peke yake katika hesabu inayoanza Jumatatu. Jina la Kirusi la Jumanne limetokana na neno lenye maana ya pili, na Wachina huiita Jumatatu siku ya kwanza ya juma. Kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, ijulikanayo kama ISO 8601, nayo huipa Jumatatu namba moja. Wareno, waliofuata kalenda ya kanisa, huiita Jumatatu ya pili, kwa kuwa Jumapili ndiyo ya kwanza. Ikichukuliwa siku moja tu, ile ambayo Waingereza bado huita kwa jina la mungu wao wa kale Woden na Wafaransa kwa jina la Mercurius, Mkongo ataiita ya tatu, Mreno na Mwarabu wataiita ya nne, na Mswahili wa pwani ataiita ya tano. Namba tatu tofauti zimetolewa kwa siku moja, na kila moja ni sahihi kwa anayejua hesabu yake imeanzia wapi.

Aidha, isidhaniwe kwamba tabaka jipya lilifuta la zamani. Waislamu wa Maniema waliendelea kuitaja Ijumaa, na kwao usiku wa Ijumaa ndio ule unaoanza jua linapozama siku ya Alhamisi. Wakatoliki wanayo Dominika, iliyotoka katika Kilatini cha kanisa. Wakristo wengine huitaja Jumamosi kwa jina la Sabato. Wafanyakazi wa ofisini huchanganya majina ya Kifaransa, kuanzia lundi hadi dimanche, katikati ya sentensi za Kiswahili. Jumapili ya Kindu kwa hiyo inaweza kuitwa Jumapili, siku ya Mungu, yenga, Dominika au dimanche, na jina analolichagua msemaji humwambia msikilizaji kama amesoma, amesoma kwa nani, na anasali wapi.

Saa nayo imo katika hali hiyohiyo. Hesabu ya Kiswahili ya kuanzia macheo na hesabu ya Kifaransa ya kuanzia usiku wa manane hukutana katika miji ya Kongo mashariki, na "saa mbili" inaweza kueleweka kwa njia mbili. Watu hujihadhari kwa kuongeza neno la asubuhi au la mchana, au kwa kuitaja saa kwa Kifaransa. Zaidi ya hayo, saa ya Kindu iko mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja na nyuma ya saa ya Dar es Salaam kwa saa moja. Kwa jua lenyewe Kindu haina ugomvi: adhuhuri ya saa ya mkononi hupishana na adhuhuri ya kivuli kwa karibu robo saa tu.

6. Athari kwa ufundishaji na matumizi

Suala hili lisingekuwa na uzito mkubwa kama lingehusu udadisi wa wanaisimu peke yao. Lakini Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Barua, mikataba, bidhaa, vitabu na matangazo ya redio huvuka mpaka pande zote mbili. Mkataba unaotaja siku kwa jina tu waweza kuzua kesi. Mama anayeambiwa amrudishe mtoto kwa chanjo "siku ya tatu" anaweza kuelewa Jumatano, na anaweza pia kuelewa siku tatu kuanzia leo. Na ikiwa aliyemwambia amezoea Kiswahili cha pwani, huenda alikusudia Jumatatu. Hapo tofauti ya majina imegusa afya ya mtoto.

Tiba yake ya haraka ni nyepesi. Katika maandishi yote yenye matokeo, yaani mikataba, kadi za zahanati, matangazo ya mitihani na ratiba za safari, jina la siku liandamane na tarehe kwa tarakimu. Tarakimu za tarehe hazitofautiani Kindu na Kigoma.

Tiba ya muda mrefu iko shuleni na katika kamusi. Kamusi za Kiswahili sanifu hueleza posho kama chakula au malipo. Zingeweza kuongeza kwamba Kongo mashariki siku ya posho ni Jumamosi, na zikaingiza yenga pamoja na asili yake. Mwalimu wa Kindu naye anapaswa kufundisha Jumamosi hadi Ijumaa, kwa kuwa mwanafunzi wake atayahitaji majina hayo akisoma gazeti la Dar es Salaam au akiandikiana na watu wa Kigoma, Bujumbura na Mombasa. Hana haja ya kuyafundisha kama dawa ya ugonjwa. Aandike ubaoni majuma mawili, moja chini ya jingine, awaonyeshe wanafunzi siku tano, mkesha na siku kuu katika kila moja, kisha awaulize kwa nini la pili limesogea siku mbili. Mwanafunzi atakayepata jibu atakuwa amejifunza kwa mara moja sarufi, hesabu na historia ya jimbo lake: kwamba babu zake walipata kanuni kutoka kwa watu wa msafara, wakaishi chini ya kengele ya kampuni, na kwa kanuni ileile wakazipa majina siku walizofanya kazi, siku waliyopokea chakula na siku waliyopumzika.

Wazee walioishi katika kambi za reli na migodi wanazidi kupungua. Majina kama siku ya kazi moja bado husikika, lakini vijana wengi huyafupisha, na wengine huyaacha kwa ajili ya Kifaransa. Kuyakusanya pamoja na maelezo ya waliokuwa wakiyatumia, kambi kwa kambi na mji kwa mji, ni kazi inayowezekana kufanywa na wanafunzi wa Maniema wenyewe, na inafaa ifanywe wakati wanaokumbuka mgawo wa posho wangali hai.